Makumbusho Yenye Moshi

Nina shahada mbili na zote zinanuka moshi. Mke wangu ameshaacha kulalamika. Nikirudi nyumbani ananyoosha mkono tu mlangoni, anapokea shati langu kwa vidole viwili na kwenda kulitundika nje. Wageni kutoka mjini wakifika kazini kwangu huuliza kwa adabu kama kuna kitu kinaungua. Huwa nawajibu kwamba ndiyo, na kwamba kikiacha kuungua sitakuwa na kazi.

Ninasimamia makumbusho madogo katika kata ya Itiryo, wilayani Tarime, upande wa kuelekea mpaka wa Kenya. Yana chumba kimoja cha matofali kilichokuwa ghala la ushirika, na vibanda viwili vya nyasi nyuma yake. Mgeni akiwa na nusu saa tu, namwambia apite ghalani bila kusimama, aende moja kwa moja vibandani. Zamani ningemzungusha ghalani saa mbili, nikimsomea vibao nilivyoandika mwenyewe. Wapo waliovumilia. Namwomba Mungu awalipe.

Nilirudi kutoka chuo kikuu wakati wa rashi. Ndivyo wachimbaji wanavyoita mbio za watu kukimbilia mahali ambapo dhahabu imeonekana, na mwaka ule ilikuwa imeonekana karibu nasi. Kwaya ya kanisa letu ilibaki bila sauti ya besi hata moja. Fundi aliyekuwa akipaka rangi nyumba ya mchungaji aliacha ukuta wa mbele umefika nusu, na nusu hiyo ikadumu mpaka tukaizoea. Kila kijana mwenye mgongo mzima alikuwa anaelekea machimboni, nami nikawa nashuka na sanduku la vitabu kuja kufungua makumbusho. Mjomba wangu aliniuliza kama huko chuoni niliugua.

Mpango wangu ulikuwa kuhifadhi utamaduni wote. Neno "wote" lilikuwamo katika andiko la mradi, nami nilikuwa nimelipigia mstari. Serikali ya kijiji ilinipa ghala, popo wakiwamo. Nilikusanya vyungu, vibuyu, vigoda, mikuki, majembe na vikapu, nikaviandikia vibao kwa lugha niliyofundishwa. Kibao cha chungu kilisomeka hivi: "Chombo cha udongo kilichotumika na jamii katika shughuli za upishi." Mama mmoja aliyeingia kuuliza kama mbolea imefika alikisoma mara mbili, kisha akanitazama kwa huruma.

"Kilichotumika?" aliuliza. "Cha kwangu kina maharage sasa hivi."

Hilo lingetosha kunifundisha, lakini mtu aliyesoma sana huhitaji kupigwa mara kadhaa mahali palepale. Niliamua kwamba wanakijiji hawakuwa hadhira yangu. Hadhira yangu ilikuwa watalii. Nikasafiri mpaka Ikoma, karibu na lango la hifadhi, nikagawa vipeperushi kwenye hoteli za wageni. Wafanyakazi wa huko walinipokea vizuri, wakavipanga mezani pamoja na vya watu wenye simba na maputo. Ikapita masika, ikapita na vuli, ndipo likaja gari moja. Lilikuwa limepotea njia. Abiria wawili wazungu waliomba choo, wakashukuru, wakasaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya maoni waliandika kwamba choo kilikuwa safi.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mama mjane wa ng'ambo ya kijito, akiwa na mzigo kichwani uliofungwa kwa kanga mbili.

Nilimjua tangu utoto. Marehemu mume wake alikuwa mpigaji wa iritungu, na kwa asiyeijua, hiyo ni ala yetu Wakurya: bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti inayopanda juu, na nyuzi nane. Ni kubwa kiasi kwamba mpigaji huketi na kuikumbatia kama mtu anayemzuia ndama. Sauti yake ni nzito; unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Mzee yule alikuwa akialikwa kila boma lililojengwa nyumba mpya. Mwenye nyumba alichinja, mchungaji aliomba, mzee alipiga, na hapo ndipo watu walipohesabu kwamba nyumba imefunguliwa.

Mama alitua mzigo wake mezani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba huku anafungua mafundo. Ndani ilikuwamo iritungu yenyewe, nyeusi tititi kwa masizi, iking'aa kama ngozi ya mtu aliyejipaka mafuta.

Alinieleza shida yake. Mwanawe alikuwa amebahatika machimboni. Shimo alilochimba na wenzake, ambalo wao huliita duara, lilikuwa limemlipa. Alikuwa anamjengea mama yake nyumba ya bati yenye marumaru sakafuni, madirisha ya alumini na dari nyeupe ya jipsam. Ikiisha, kibanda cha zamani chenye mafiga kingebomolewa ili gari lipate mahali pa kugeuzia.

"Nitunzie hii, mwalimu," alisema. Sijawahi kufundisha hata siku moja, lakini kwake kila mwenye miwani ni mwalimu. "Nyumba ya mwanangu haina mahali pa kuitundika."

Nikadhani anazungumzia misumari.

Kisha akasema jambo ambalo, nashukuru, angalau hilo nililielewa. Mume wake, kabla hajafa, alimwomba ahadi: nyumba ya mtoto wao ifunguliwe kwa iritungu hii, si kwa nyingine. Naye akaahidi. "Siku ya sherehe nitaifuata," alisema. "Isipolia, mimi sitalala mle ndani. Mwanangu atakaa na marumaru zake."

Aliponipa mgongo nilikuwa tayari nimeshaanza kutafuta sabuni.

Naomba msomaji aelewe kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa upendo. Masizi yale, ya miaka isiyopungua thelathini, niliyaosha kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu mpaka mti ukatoka rangi ya chai ya maziwa. Kisha nikaiweka ndani ya kabati la vioo nililolipata kwa muuza chipsi aliyefunga kibanda chake akaenda machimboni. Ni yale makabati yenye balbu ya manjano juu, ya kuweka chipsi joto. Umeme wa vijijini ulikuwa umetufikia, na niliona balbu ile inaipa iritungu heshima. Sikuizima. Chini nilitandika kitambaa chekundu, na mbele nikaweka kibao: "Sauti ya Mababu. Usiguse."

Zilikuwa zimebaki wiki nne kufika siku ya sherehe mama alipopita kuitazama.

Alisimama mbele ya kabati, na mimi nikasimama nyuma yake nikisubiri sifa. Aliinama, akasogeza uso karibu na kioo. Nikasogea, nikaona alichokuwa anakiona, maana mimi sikuwa nimeitazama kwa karibu tangu nilipowasha balbu. Ngozi ilikuwa imekauka ikapasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Kwenye mkono mmoja wa mti kulikuwa na matundu madogo, na juu ya kitambaa chekundu kulikuwa na unga mweupe, laini, kama wa mahindi yaliyoingiwa na dumuzi.

"Umeiogesha," alisema.

"Kwa sabuni nzuri, mama."

Alifungua kabati, akachota ule unga, akausugua kati ya vidole. "Kwangu haikuwahi kusaga."

Kisha akakaa kwenye kigoda nilichokiandikia kibao cha kukataza watu kukikalia, na akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mgonjwa. Mume wake hakuwahi kuiweka iritungu mahali pengine isipokuwa juu ya mafiga. Moshi ulifukuza wadudu. Joto la chini kwa chini liliifanya ngozi isilegee wakati wa mvua wala isikauke wakati wa jua. Masizi yalikuwa koti lake. Akitaka kupiga, aliishusha, akaipaka samli kidogo, na wakimaliza sherehe ikarudi motoni kabla yeye mwenyewe hajala. Mahali pa kuitundika maana yake mahali pa moshi. Aliniambia waziwazi siku ya kwanza, na mimi nikasikia misumari.

Nilikuwa na kitabu kinene chenye sura nzima juu ya utunzaji wa mbao na ngozi. Kilishauri mambo mengi kuhusu kupima unyevu wa hewa. Mwandishi wake hakuwahi kuishi Itiryo.

"Mwanangu anafikiri nang'ang'ania kibanda," mama alisema akiinuka. "Mimi nang'ang'ania neno nililompa baba yake. Itengeneze."

Kulikuwa na fundi mmoja tu. Zamani alichonga iritungu na kuzipiga. Sasa alikuwa machimboni anachonga matimba, zile nguzo za kuzuia kuta za duara zisiporomoke. Nilipanda bodaboda nikiwa nimeikumbatia iritungu mbele ya kifua, na kila tulipopita watu walinipisha wakidhani nimebeba mgonjwa. Fundi nilimkuta katikati ya lundo la magogo, ya miti ileile aliyokuwa akichongea mabakuli. Aliipokea, akaigeuza, akainusa, akaniuliza ilikuwa wapi. Nikamwambia kweli.

Akaweka shoka chini. "Mura," alisema, na mura kwetu ni kijana wa kiume, jina ambalo mtu wa umri wangu huitwa akiwa amefanya jambo la kitoto, "uliiweka kwenye kabati la chipsi?"

"Ndiyo."

"Na chumvi ulitia?"

Wachimbaji waliokuwa karibu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilicheka nao, sikuwa na njia nyingine ya kutoka pale. Walipotulia fundi akanipa masharti. Mkono ulioliwa angeuchonga upya. Bakuli lilikuwa zima. Ngozi ingekuwa ya ng'ombe, si ya mbuzi, kwa sababu ya mbuzi ingeifanya ilie kama mtoto. Lakini hangegusa kitu mpaka nimwonyeshe moshi. Ngozi mpya ikikaukia penye moshi hujua kazi yake, na ikikaukia juani hupasuka tena kabla ya sherehe kuisha.

"Siwambi ngozi kwa mtu asiye na moshi," alisema. "Nenda katafute."

Nikarudi nikitafuta moshi. Naomba nieleweke: katika kijiji cha Wakurya, nilikuwa natafuta moshi. Kwangu tulipikia gesi, na nilikuwa nimejivunia hilo. Kwa mchungaji, gesi. Kwa mjomba, jiko la mkaa barazani. Kila nyumba niliyoikumbuka yenye mafiga na dari ya miti nilikuta imeshavunjwa, na mahali pake imesimama nyumba ya bati yenye fedha ya machimbo ndani yake. Watu walikuwa wamepata nyumba nzuri, na sikuwa na haki ya kuwasikitikia. Mwenyewe nisingerudi kukohoa jikoni. Lakini katika nyumba tatu nilizopita siku ile nilionyeshwa iritungu. Moja ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Nyingine ilikuwa imebaki bakuli tu, na kuku alikuwa ametaga ndani yake. Ya tatu mwenye nyumba alikuwa ameibandua ngozi, akawa anaichotea mchanga wa dhahabu wa kuosha, na aliisifu kwamba haivuji.

Pale, nikiwa nimemtazama kuku yule naye akinitazama, ndipo nilipojua makumbusho yangu ni ya nini. Vyungu vilikuwa na kazi na havikunihitaji. Mikuki ilikuwa na wenyewe. Iritungu ilihitaji kitu kimoja ambacho kila nyumba ilikuwa nacho zamani na sasa hakuna aliyekitaka ndani, na mimi nilikuwa na eneo zima la wazi nyuma ya ghala.

Nilimwendea mwana wa mama yule. Nilimkuta anasimamia mafundi wa marumaru. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye haraka, na mambo ya mama yake yalikuwa yakimchosha kwa sababu alimpenda. Aliniambia ameshamwahidi spika mbili kubwa siku ya sherehe, zenye besi, na nyimbo zozote anazotaka, hata za baba yake zilizorekodiwa kwenye simu.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema spika haimjui baba yangu." Akashusha pumzi. "Kaka, unataka nini?"

Nikamwambia nataka kibanda cha zamani cha mama yake. Si mahali pake. Kibanda chenyewe, nguzo, dari na masizi. Alinitazama kama ninatania, kisha akasema nichukue hata siku ileile, na lori lake la kubebea mawe atalileta yeye. Na alilileta. Vijana wake walipakia nguzo na boriti nyuma, lakini ile panda ya mti aliyokuwa akitundikia baba yake iritungu aliishusha mwenyewe, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mbele, kwenye kiti cha abiria. Mimi nikapanda nyuma na nguzo.

Tulikisimamisha kibanda kile nyuma ya ghala kwa siku nne. Mama alihamia kwa mdogo wake, akakataa kwa mwanawe, na kila asubuhi akaja kuwasha moto. Alichagua kuni, nilizoleta mimi alizitupa nje, akasema hizo ni za kuchoma mahindi. Fundi alikuja na ngozi mbichi, akaiwamba, akaifunga, akaiacha juu ya mafiga. Ilipokauka akavuta nyuzi na kuanza kuzilinganisha.

Mama hajawahi kupiga iritungu. Kwetu ni kazi ya wanaume, na hata siku ile hakugusa uzi. Alikaa tu upande wa pili wa moto, anageuza ukuni, na kila baada ya muda akasema, bila kuinua macho, "Wa tatu unadanganya." Fundi mara ya kwanza alikunja uso. Mara ya pili alibisha. Mara ya tatu akakaza uzi, akaupiga, akaendelea kumtii mpaka jioni.

Sherehe ilijaa. Wakwe walivuka kutoka upande wa Kenya na magari mawili, spika zilikuwapo maana zilikuwa zimeshanunuliwa, na ng'ombe wawili walichinjwa. Mchungaji aliomba. Kisha spika zikazimwa, na watu wote wakamtazama mama, ambaye alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye kigoda chake, ameshika viatu mkononi.

Fundi akaketi, akaikumbatia iritungu, akaanza. Mama akainua kidole. Fundi akasimama, akakaza uzi, akaanza tena. Mama akainua kidole tena, na hapo nikaona mwanawe amefumba macho, na mimi nikahisi kila chembe ya ile sabuni ya unga. Mara ya tatu fundi hakukaza chochote. Alichukua samli, akaipaka ngozi polepole, akasubiri, akapiga.

Ilikuja tumboni kwanza. Sijui kama ilikuwa sauti ya mzee yule. Mkono mmoja ulikuwa mpya na ngozi ilikuwa ya ng'ombe mwingine. Mama alisikiliza kichwa kimeinama, mpaka fundi alipomaliza mzunguko mzima. Kidole hakikuinuka. Akasimama, akavuka kizingiti peku, na wanawake wakapiga vigelegele nyuma yake.

Alizunguka sebule. Aligusa ukuta, akagusa dirisha la alumini, akainua macho kwenye dari nyeupe ya jipsam na kukaa akiitazama.

"Ni nzuri," alimwambia mwanawe. "Na wewe ukifa, watoto wako watatundika nini hapa?"

Mwanawe aligeuka, akaniona mimi mlangoni. "Tutampelekea mwalimu."

Watu walicheka, lakini mkwe mmoja wa kutoka ng'ambo ya mpaka alinivuta pembeni. "Hiyo kitu ingine iko kwetu kwa stoo," alisema, "panya inakula tu. Hiyo moshi yako, iko na nafasi?"

Nafasi ilikuwapo. Aliileta kwa bodaboda, akifuatiwa na wengine, wa kwetu na wa kutoka mbali kama Issenye. Sasa panda zimejaa, na tumeongeza kibanda cha pili. Mwenye iritungu huiacha kwetu, huja kuichukua akiwa na harusi au nyumba ya kufungua, na sheria ni moja: irudi motoni kabla mpigaji hajala. Yapo makumbusho makubwa nchini yenye vioo visivyopasuka na mitambo ya kupoza hewa, na nayaheshimu. Vitu vyao havitoki kwenda harusini. Katika andiko langu la mradi nimefuta neno "wote", na kurasa zilizobaki ni mbili. Kabati la chipsi nilimrudishia mwenyewe, ambaye dhahabu haikumwona.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi iliyofuata sherehe nilifika kazini mapema nikakuta mama amenitangulia. Alikuwa amekaa mbele ya mafiga yaliyozimika, ananukia sabuni, na iritungu imeshatundikwa kwenye panda yake.

Nikamwamkia, kisha nikamuuliza kama alilala kwenye nyumba mpya.

"Nililala," alisema. "Niliahidi kulala. Kupenda sikuahidi."

Akanyoosha mkono nimpe kiberiti.